Risala ya Kikundi cha Masomo ya Uraia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kumkumbuka Jaji David Davis

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu hapa Bloomington, Illinois, licha ya majukumu yako mengi. Waliokutangulia kwenye kiti hicho nao tuliwashukuru vivyo hivyo.

Mheshimiwa, kikundi chetu cha wazungumzaji wa Kiswahili kinawaandaa watu wazima kwa mtihani wa uraia wa Marekani. Mihimili ya dola tunaifundisha kupitia maisha ya mtu mmoja wa mji huu, Jaji David Davis, kwa kuwa aliipitia karibu yote: wakili hapa tangu 1836, jaji wa mzunguko, yaani wa kuzunguka kaunti hadi kaunti akisikiliza kesi, 1848, jaji wa Mahakama ya Juu 1862, seneta 1877 hadi 1883. Ikulu tu ndiyo hakuiingia, ingawa alimwingiza Abraham Lincoln kwa kumwongozea kampeni kwenye mkutano wa chama Chicago, Mei 1860. Yeye mwenyewe, kuanzia Oktoba 1881, akiwa rais wa muda wa Seneti na nchi haina makamu wa rais, alikuwa wa kwanza kwenye mstari wa kurithi urais.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tuna kijitabu cha Kiswahili kinachoeleza hukumu aliyoiandika 1866 katika shauri la Milligan, kwamba raia hashtakiwi mbele ya mahakama ya kijeshi pale ambapo mahakama za kiraia ziko wazi. Tuna pia ramani ya ukutani iliyochorwa kwa mkono, ambayo tunathubutu kusema haina mfano katika Illinois ya kati. Viti tunaazima.

Changamoto yetu ni moja tu: usafiri.

Mzunguko wake wa kimahakama, uitwao Mzunguko wa Nane, ulipokuwa mpana kabisa ulikuwa na kaunti 14, maili zipatazo 400 kuumaliza, na Davis aliuzunguka mara mbili kwa mwaka, mawakili wakimfuata. Nyumba ya wageni ikijaa, mawakili walilala wawili kitanda kimoja. Yeye alipewa chake, maana uzito wake ulizidi kilo 130. Akipata udhuru, Lincoln, mmoja wa mawakili hao, alimkalia kitini kama jaji. Mwanafunzi huyaelewa haya akisimama ndani ya chumba chenyewe, na majengo mawili ya mahakama za mzunguko huo bado yapo mahali pake: la Metamora, la 1845, na la Mount Pulaski, la 1848. Moja liko kaskazini-magharibi mwa hapa, jingine kusini-magharibi, na treni ya abiria haisimami katika mji wowote kati ya hiyo miwili.

Tuliahidiwa basi. Mgeni rasmi mmoja alilitangaza papa hapa, tukapiga vigelegele. Aliyemfuata akasema liko njiani. Njia hiyo ni ndefu kuliko ya Jaji Davis.

Kwa hiyo safari hii tunaomba kwa vipimo. Hatuombi basi. Gari lililotengenezwa kubeba watu 16 au zaidi, dereva akiwemo, linadai leseni ya kibiashara yenye idhini ya kubeba abiria, na kati yetu hakuna aliye nayo. Tunaomba gari la viti 15, cha dereva kikiwemo; hata lililotumika litafaa, mradi hita yake ifike kiti cha nyuma na matairi yasiwe yamekauka kwa umri. Bima imtambue dereva wa kujitolea, la sivyo gari litaishia maegeshoni. Tunajua pia kwamba magari haya hupinduka kwa urahisi zaidi yakijaa, hivyo tutapakia watu wasiofika 10, viti vya mbele vijae kwanza, paani pasiwekwe mzigo, na upepo wa matairi upimwe kabla ya kila safari.

Ikishindikana kununua, tukodishiwe gari la aina hiyo kwa siku mbili kila muhula, Metamora siku moja na Mount Pulaski siku nyingine.

Mheshimiwa, endapo utapenda kutoa ahadi leo, tunaomba kwa heshima zote uiandike kwenye daftari la wageni pamoja na tarehe ya utekelezaji. Katibu ameshafungua ukurasa.

Tunawasilisha.