Kuhusu ruta zinazochezea vichwa vya pakiti

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hoja yako kwamba ruta (kifaa kinachopitisha pakiti, yaani vipande vya data, mtandaoni) ikishusha MSS, yaani kikomo cha data ndani ya pakiti moja ya TCP, itifaki inayohakikisha data inafika yote, hakuna anayeumia nimeitafakari sana, na nusu yake naikubali. Laini ya PPPoE, njia mojawapo ya kumuunganisha mteja na mtoa huduma wa intaneti, hubeba pakiti za hadi baiti 1492 badala ya 1500. Mtu akizuia njiani ICMP, yaani ujumbe wa kutaarifu hitilafu za mtandao, mtumaji hapati habari kwamba pakiti zake ni kubwa mno, na kurasa zinagandia katikati. Ukishusha MSS kutoka 1460 hadi 1452, mambo yanakwenda. Ila aliyezuia ICMP bado anazuia, na trafiki isiyo ya TCP haikufaidika na chochote.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ukuta wa moto, yaani kifaa cha kulinda mtandao, unaobadilisha namba za mfuatano za TCP, zile zinazohesabu baiti zilizotumwa, ili zisibashirike. Kuna vifaa vya namna hiyo vilivyobadilisha namba za kwenye kichwa cha pakiti na kuliacha chaguo la SACK (sehemu ya ziada ya kichwa ambamo mpokeaji hutaja vipande vilivyofika), ambalo nalo limebeba namba hizohizo, kama lilivyo. Mpokeaji anataja baiti alizokwisha kupata. Mtumaji akitazama, namba hizo hazimo kabisa katika alichotuma. Pakiti zikianza kupotea, muunganisho unasuasua au unakwama hadi muda uishe. Utakagua seva, utakagua kompyuta, kote utakuta salama. Wawili wamepatana, wa tatu kayageuza maneno yao, wala hakuacha alama yoyote! Hilo siwezi kulitetea.

IPv6, toleo jipya la itifaki ya intaneti, ililiweka sawa jambo hili. Katika RFC 8200, waraka wa kiwango chake wa mwaka 2017, kila chaguo lina biti inayosema kama data yake inaruhusiwa kubadilika njiani, na vifaa vya katikati vimekatazwa kuongeza au kuondoa vichwa vya ziada. Ruhusa inatoka kwa chaguo lenyewe, si kwa mwenye ruta. Huo ndio msimamo wangu.

Tazama pia QUIC, itifaki mpya ya kusafirisha data iliyofanywa kiwango rasmi mwaka 2021: imesimba, yaani imeficha kwa msimbo, karibu kila kitu, kwa sehemu ili vifaa vya njiani visipate cha kugusa. Wasimamizi wa mitandao wamepoteza mengi waliyokuwa wakiyapima, na nawahurumia.

Kwa hiyo nakuomba: ile kanuni ya ruta yako inayofuta machaguo yasiyojulikana iondoe, maana inairudisha MPTCP (TCP inayotumia njia kadhaa kwa pamoja) kuwa TCP ya kawaida bila mtu kujua. Kanuni ya kushusha MSS iache kwenye PPPoE tu. Kisha fungua ICMP, uniandikie kama bado unaihitaji kanuni hiyo ya MSS.

Wako daima.