Mgeni rasmi aje ashike chaki

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, hata siku mlipokosea jina la kata yetu. Lakini ile habari ya wiki iliyopita imenishinda kumeza. Mlimwandika mgeni rasmi wa kile kikao cha wadau wa elimu akishangaa kwamba ukimuuliza mwalimu wa shule ya msingi ufundishaji bora ni nini, anakutajia kumaliza mada na kufaulisha. Kwa hiyo sisi walimu hatuelewi kazi yetu, tupelekwe semina.

Sasa alitaka tujibu nini? Anayetuuliza siku zote ni mtu mwenye faili mkononi, na mbele ya faili mwalimu husema kinachoandikika. Akija mkaguzi tunamtajia mbinu shirikishi, bungua bongo na kazi za vikundi. Akija bosi wa wilayani tunamtajia ufaulu, maana ndicho anachokitafuta. Wakija wafadhili tunasema mwanafunzi awe kitovu cha ujifunzaji, wanafurahi, tunapiga picha. Tukibaki wenyewe chini ya mwembe saa ya chai, husikii hata neno moja kati ya hayo. Utasikia "leo wamenipotea kwenye sifuri", au "yule wa dirishani ameanza kuona mwanga". Huko ndiko tunakoujua ufundishaji bora, na sijaona fomu yenye nafasi ya kuandika hilo.

Nitatoa kisa kimoja. Nafundisha Hisabati Darasa la Tatu katika shule moja ya wilayani Kasulu. Muhula uliopita tulikuwa kwenye kutoa, kule ambako lazima uazime kumi. Nikaandika ubaoni 52 – 27. Sehemu kubwa ya darasa wakaleta 35. Asiyefundisha ataita uzembe. Mimi najua mtoto amepita wapi: ameona saba haitoki kwenye mbili, akageuza, akatoa mbili kwenye saba akapata tano, kisha mbili kwenye tano akapata tatu. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu kabisa. Ukimwekea kosa kwa kalamu nyekundu ukasonga mbele, ataifuata mpaka amalize shule ya msingi. Kwa hiyo kesho yake nikarudia. Nikamwaga vijiti vyangu, vimefungwa kumi kumi kwa kamba za mgomba, nikawaambia wafungue fungu moja wachanganye na vile viwili vilivyobaki. Kelele zikapanda, vijiti vikaanguka, wengine wakaanza kugombania kamba. Hapo ndipo akaingia mgeni kutoka ofisi ambayo sitaitaja, na mwalimu mkuu nyuma yake. Hakuuliza tunafanya nini. Aliomba andalio la somo, yaani mpango wa kipindi, azimio la kazi lenye ratiba ya mada, na shajara ya yaliyokwisha kufundishwa. Andalio lilikuwa la jana kwa sababu somo lilikuwa la jana, lilikuwa halijaeleweka, na sikuona faida ya kubandika tarehe mpya juu ya somo lile lile ili kumridhisha mtu. Basi nikasomewa mashtaka mbele ya watoto wangu: niko nyuma ya azimio, darasa halina utulivu, muda wa serikali unapotea. Juu ya madawati yamejaa madaftari wazi, 35 zinafutwa zinaandikwa 25, kulia kwake na kushoto kwake, na hakugusa hata daftari moja. Hata moja, Mhariri! Ripoti ilipokuja nikakuta imeandikwa kwamba situmii zana za kufundishia. Vijiti alivikanyaga wakati anatoka.

Wala haya si maneno ya walimu wavivu. Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu wa Marekani, Lee Shulman, aliandika kwamba kulijua somo peke yake hakutoshi. Mwalimu ajue pia wanafunzi wanaijia mada wakiwa na mawazo gani, na nini kinaifanya iwe nyepesi au nzito kwao. Mtaala wa umahiri ulipoingia mwaka 2005 tukaambiwa tuangalie mtoto anaweza kufanya nini. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unaimba wimbo huo huo, na mimi naupenda. Mbona basi mgeni wangu bado anakagua tarehe?

Na kwa kuwa nimeshashika kalamu, hili la takwimu nalo. Saa tatu usiku ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp: madawati mangapi, matundu ya vyoo mangapi, yatumwe kabla ya saa mbili asubuhi. Wiki jana tulituma hayo hayo. Tathmini ya utendaji nayo inajazwa mtandaoni, kwa bando letu. Shuleni kwetu mtandao unashika juu ya kichuguu nyuma ya nyumba za walimu, kwa hiyo jioni utatukuta pale watu wazima tumeinua simu juu, tunajaza kwamba mada zimefundishwa kwa asilimia 100. Madaftari ya kusahihisha yako ndani yanasubiri. Serikali yenyewe inasema mwalimu mmoja kwa watoto 45; mimi ninao karibu mara mbili, na bado sijaona ujumbe wa usiku unaouliza nani kati yao bado anaandika 35.

Pendekezo langu halihitaji bajeti. Mgeni rasmi yule aje Kasulu Jumanne yoyote, nina vipindi viwili mfululizo. Simu aiache kwa mwalimu wa zamu. Akae dawati la nyuma na watoto watatu, magoti atajua mwenyewe pa kuyaweka. Achague madaftari sita, mawili ya mbele, mawili ya katikati, mawili ya nyuma, ayasome mpaka aweze kuniambia kila mtoto alipotelea wapi. Halafu nitampa chaki afundishe 403 – 158, maana hiyo ina sifuri katikati. Andalio la somo sitamdai. Akimaliza kipindi ndipo nimuulize ufundishaji bora ni nini, na jibu lake mlichape ukurasa ule ule. Posho asitegemee, ila chai ipo.

Mwalimu wa Darasa la Tatu,
Kasulu, Kigoma
(Jina langu mnalo, msilichape.)