Mafundi, pimeni ethi kabla ya kutuambia oltaneta imekufa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu wenye magari ya zamani pamoja na mafundi wetu, maana hili jambo limeniuma kweli. Gari yangu usiku nikiwasha taa kubwa na feni mwanga unafifia, nikiweka indiketa mshale wa temperecha nao unacheza, asubuhi starta inazunguka kwa shida. Fundi wa kwanza kasema betri, nikanunua. Wa pili kachomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma eti anapima chaji (jamani muache hiyo, umeme unaruka ghafla unaunguza dayodi), halafu kasema oltaneta (ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka), nikanunua, tatizo likabaki palepale.

Aliyelimaliza ni kijana mmoja alokuja na mita ya kupimia umeme tu. Injini inawaka, taa na feni vyote on, akapima betri ikasoma volti 12.9, akapima oltaneta yenyewe ikasoma 14.3. Kumbe oltaneta inazalisha vizuri, umeme unapotea njiani! Akagusisha waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha negativu cha betri na mwingine kwenye chuma cha injini, ikasoma 1.2, na hapo haitakiwi kuzidi kama 0.2 hivi. Injini imekalia raba na raba haipitishi umeme, kwahiyo waya wa ethi, ule unaounganisha injini na upande wa negativu wa betri, ndo njia kuu ya umeme kurudi kwenye betri. Alivyochana ganda lake nyuzi za ndani zilikuwa zimegeuka unga wa kijani, zimebaki tatu nne tu. Na hizo ndo zinawadanganya watu, ukipima omu (ukinzani wa waya) gari imezimwa utaona karibu na sifuri ukasema waya mzima, ila ukidai ampea nyingi zipite pale haziwezi, ndo maana lazima upime volti mzigo ukiwepo, yaani taa na feni zikiwa zimewashwa.

Akaweka waya mpya mnene, akapiga msasa mpaka chuma king'ae pale unapofungwa, akakaza nati, grisi juu. Betri ikasoma 14.2 na taa zote zimewashwa.

Ombi langu kwa mafundi ni moja, kabla mteja hajatoa hela ya oltaneta mwonyesheni hizo namba kwenye mita, ni kazi ya dakika tano tu.

Msomaji wenu