Neno "kama" peke yake halifanyi tashbihi

Mhariri,

Nipe nafasi nizungumze na walimu na wanafunzi wa Kiswahili kuhusu tamathali za semi, yaani mbinu za kuipamba lugha kwa picha. Kuna kosa lililoota mizizi: mwanafunzi akiona "kama" kwenye sentensi, anaandika "tashbihi" na kuhamia swali linalofuata.

"Kama mvua itanyesha, hatutasafiri" ni sharti. "Hamisi ni mrefu kama kaka yake" ni ulinganisho wa kawaida. Watu wawili wamepimwa kimo, basi. Tashbihi hukutanisha vitu vya jamii tofauti kwa sifa inayovigusa vyote. Chukua "Ametulia kama maji mtungini." Mtu na maji havina undugu. Kinachoviunganisha ni utulivu, maana maji ya mtungini hayana mkondo wala hayapigwi na upepo. Asiyeweza kuitaja sifa hiyo hajaielewa tashbihi, hata akipewa alama zote. Tena viungo, yaani maneno ya kulinganishia, viko vingi: mithili ya, mfano wa, ja katika mashairi, na utadhani, kama katika "Anatembea utadhani kinyonga."

Ondoa kiungo, useme "Huyu ni kinyonga", umepata sitiari. Lakini angalia kilichotokea: kwenye tashbihi tulitajiwa mwendo, tukajua ni mtu wa taratibu. Kwenye sitiari hatukutajiwa kitu, na wengi wataelewa kigeugeu. Sitiari humwachia msomaji kazi ya kuitafuta sifa, kwa hiyo isisomwe nje ya muktadha wake. Na "ni" nayo isimdanganye mtu. "Huyu ni fundi" si sitiari iwapo kweli ni fundi.

Kwa tashihisi, yaani kukipa kisicho mtu tendo la binadamu, tazama kitenzi. "Upepo unavuma" haina tashihisi, kuvuma ndiyo kazi ya upepo. "Njaa imebisha hodi" inayo, kwa kuwa anayebisha hodi ni binadamu.

Neno moja kwa waandishi wa makala. Sentensi kama "Mbegu ya chuki imewaka mtaani" inaumiza kuisoma. Mbegu huota, moto ndio huwaka. Picha mbili zimegongana na msomaji haoni hata moja. Ukianza na mbegu, nenda nayo hadi mwisho: imepandwa, imemea, imestawi, ing'olewe. Ukitaka moto, anza na cheche.

Mwalimu wa Kiswahili,
Morogoro