Jumamosi: Mama Mary Leakey na fuvu la Zinj

Ndugu zangu, habari za jioni.

Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane getini Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Fuvu la Zinjanthropus, au Zinj, zamadamu yaani kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, linatunzwa hapo Dar, na kabla hatujaingia naomba tumjue aliyeliona kwanza.

Ni Mary Leakey. Hakuwa na shahada. Alianza kazi kwa kuchora zana za mawe, na mchoraji mzuri huona kisichoonwa na wengine. Asubuhi ya tarehe 17 Julai 1959, pale Olduvai, mumewe Louis alikuwa mgonjwa kambini. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa umechomoza kwenye mteremko. Akapangusa udongo taratibu: meno mawili makubwa, bado yako kwenye taya! Fuvu lilikuwa vipande vipande, akaviunganisha kwa subira. Umri wake ni kama miaka milioni 1.75. Sifa nyingi zilimwendea Louis, jambo ambalo bado linaniuma.

Mimi lakini, kinachonigusa zaidi ni Laetoli, eneo lililo kusini mwa Olduvai. Mwaka 1978 timu yake ilifukua nyayo za zamadamu kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, za miaka kama milioni 3.6. Kisigino kimezama, kidole gumba kimeelekea mbele kama chetu. Walitembea wima kabla ya zana za Olduvai kuwepo!

Wenye watoto waleteni. Anayekuja anijibu hapa kabla ya Ijumaa mchana, nijue idadi.