Bibi harusi, njoo mwezi mmoja kabla: ngozi ina ratiba yake

Shaabani ikiingia, simu ya saluni yetu hapa Ngamiani, Tanga, haipumziki. Watu wanataka kuozesha kabla ya Ramadhani, na wasiowahi wanangoja Mfungo Mosi, Idi ikishapita. Msimu wote huo swali linalokuja zaidi ni hili: "Dada, harusi ni baada ya wiki mbili. Nataka ning'ae, nitoke mweupe kidogo. Mnaweza?"

Kung'aa tunaweza. Weupe wa wiki mbili hatutoi, hata mteja akiongeza fedha, na najua wapo walioondoka wakidhani tunaringa. Nimeona nilieleze jambo hili kwa urefu, kwa sababu jibu lake limo ndani ya ngozi yenyewe, na anayeielewa ngozi yake hadanganyiki na chupa.

Tandaza kanga moja kitandani. Ngozi ya mtu mzima, lau ingetandazwa vile, ingekaribia kuifunika kanga hiyo yote, maana ni kati ya mita za mraba 1.5 na 2. Unene wake hauko sawa kila mahali. Kwenye kope ni kama nusu milimita tu, mgongoni inaweza kufika milimita 4. Ndiyo maana msuguo unaokupa raha mgongoni ukipelekwa chini ya macho unaumiza, na ndiyo maana mabinti wanaosinga hapa kwetu wana bakuli mbili za singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kusugulia ngozi, moja ya mwili na moja ya uso, na hazichanganywi.

Ngozi ina tabaka tatu. La juu ndilo unaloliona na ndilo wateja wengi wanalolilipia, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Tabaka hilo la juu halina mishipa ya damu. Ukikwaruzika juu juu bila damu kutoka, hujalivuka. Chini yake kabisa kuna safu ya seli zinazozaliwa mchana na usiku. Seli mpya zinazisukuma za zamani kwenda juu, na zile zinazopanda zinajaa keratini, kitu kile kile kinachojenga kucha na nywele. Zikikaribia juu zinakufa, zinakuwa bapa na kavu, zinapangana moja juu ya nyingine. Katikati yao kuna mafuta yanayozishikilia, kama chokaa inavyoshikilia mawe kwenye ukuta wa nyumba zetu za zamani za pwani. Ukuta huo mwembamba ndio unaozuia maji ya mwili yasikauke na vijidudu visiingie. Mwisho seli za juu kabisa zinadondoka, bila wewe kuhisi chochote. Aliyewahi kuvunjika mkono akafungwa plasta ngumu, POP, anakumbuka siku ilipokatwa: ngozi ilikuwa imejaa magamba, kwa sababu wiki zote zile seli zilikuwa zinakufa na hazikuwa na pa kudondokea.

Safari ya seli kutoka chini hadi kudondoka huchukua takriban wiki 4 kwa kijana, na kadiri umri unavyosogea inachukua muda mrefu zaidi. Wiki hizo 4 ndizo ninazowaomba wateja wangu wazikumbuke. Ngozi unayoiona kwenye kioo leo ilizaliwa mwezi uliopita. Ukianza leo kulala vizuri, kuacha sabuni kali na kujikinga na jua, matunda yake yanapanda taratibu na utayaona mwezi ujao. Krimu inayobadilisha rangi yako ndani ya siku tano haijaingojea safari hiyo. Imeubomoa ukuta.

Chukua na hili la kupauka, maana ndilo lalamiko la pili kwa wingi. Pitisha ukucha kwenye mguu mkavu, uone mstari mweupe unaobaki. Watu wanadhani ni uchafu, wanasugua kwa dodoki na sabuni ya kufulia mpaka ngozi inawaka, na kesho yake imepauka zaidi. Zile ni kingo za seli zilizokufa zilizoinuka kwa sababu mafuta ya katikati yake yamepungua. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH yake, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikipanda asidi imepungua, huwa karibu na 5, ilhali sabuni nyingi za mche na za kipande zina pH ya 9 hadi 10. Kila unapojisugua nayo unakwangua chokaa ya ukuta. Dawa yake ni rahisi. Oga kwa maji yasiyo ya moto sana, sabuni iishie kwapani, kwenye mikunjo na miguuni siku ambazo hukuchafuka, kisha jipake mafuta ngozi ikiwa bado ina unyevu. Mafuta ya nazi yanafaa, mafuta ya mgando yanafaa zaidi kwa magaga. Mama zetu walitupaka tukiwa hatujakauka vizuri, na walikuwa sahihi kabisa.

Sasa tuje kwenye rangi. Katika safu ile ya chini kabisa, katikati ya seli zinazozaliwa, zimekaa seli nyingine chache zenye mikono kama ya pweza. Hizo ndizo zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Kila moja inazigawia jirani zake, wapatao 36 hivi, chembe za rangi, na kila jirani akizipokea anazipanga juu ya kiini chake kama mwamvuli, ili jua lisikifikie. Jambo ambalo wateja wangu wengi hawajawahi kuambiwa ni kwamba idadi ya seli hizi inakaribia kuwa sawa kwa binadamu wote. Mweusi wa kutiririka, maji ya kunde, Mzungu, wote wanazo kwa idadi inayokaribiana. Tofauti iko kwenye wingi na ukubwa wa chembe zinazotengenezwa, na muda zinaodumu.

Hata ndugu zetu wenye ualbino wanazo. Seli zao zipo mahali pake, ila haziwezi kutengeneza melanini ya kutosha, na sisi Watanzania tunajua jua linavyowaumiza: mabaka, vidonda visivyopona, saratani ya ngozi katika umri mdogo. Kule Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, ambako kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi wa kanda hii kilianza mwaka 1992, wanatengeneza krimu ya kuzuia jua, Kilisun, kwa ajili yao. Huwa najiuliza jambo hili kila mtu anapoketi kwenye kiti changu akiomba mkorogo wa kujichubua. Kuna mwenzako anayetafuta kwa shida kile ambacho mwili wako umekupa bure, nawe unataka kulipia kiondolewe.

Mkorogo wenyewe, nimeona chupa nyingi, na ndani yake hurudiarudia vitu vitatu. Kuna haidrokwinoni, inayozizuia zile seli zisitengeneze rangi. Ikitumika muda mrefu, hasa kwa mtu anayetembea juani, ngozi ya mashavuni inaweza kugeuka rangi ya majivu yenye bluu, ikawa na vipele vidogo vigumu, na hali hiyo ni ngumu mno kuiondoa. Daktari Findlay wa Afrika Kusini aliieleza mwaka 1975 baada ya kuiona kwa wanawake waliotumia krimu hizo. Kuna zebaki, nayo inazuia melanini, lakini inapenya hadi damuni na kuumiza figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto tumboni. Bibi harusi wa leo ni mama wa kesho, sasa harusi inawezaje kuandaliwa kwa sumu ya namna hiyo? Cha tatu ni dawa za steroidi, klobetasoli na betamethasoni, ambazo daktari huzitoa kwa siku chache kutibu pumu ya ngozi na magonjwa mengine, na mtaani watu wanazipaka usoni miezi na miaka.

Steroidi ndiyo inayowadanganya wengi, kwa kuwa mwanzoni ngozi inalainika na vipele vinatoweka. Kinachoendelea kiko tabaka la pili, lile la kati. Huko ndiko iliko kolajeni, nyuzi imara zinazoipa ngozi nguvu, na elastini inayoirudisha mahali pake ukiivuta. Steroidi inazidhoofisha nyuzi hizo, na ngozi inakonda kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

Msimu uliopita alikuja dada mmoja, harusi yake imebaki siku tisa. Alikuwa amefunika uso kwa mtandio na hakuutoa mpaka tulipofunga pazia. Nilichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, yale ya kawaida tunayoanzia, nikamwekea shavuni taratibu. Akashtuka kama aliyeunguzwa. Kwenye mwanga wa dirisha niliiona mishipa myembamba mashavuni, nyuzi nyekundu zinazotawanyika kuelekea puani. Kwapani na mapajani alikuwa na michirizi mipana ya zambarau. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi vile vile kama alivyozaliwa, na nyuma ya sikio, mahali ambapo krimu haikufika, ilibaki rangi yake ya maji ya kunde, laini, haina doa. Nilimshikia kioo kidogo aione. Aliiangalia muda mrefu.

Hatukumsinga siku ile. Nilimwandikia majina yote yaliyokuwa kwenye chupa zake nikampeleka kwa daktari wa ngozi, kwa sababu steroidi iliyotumika muda mrefu haiachwi ghafla nyumbani. Uso unaweza kuvimba, kuwaka na kujaa vipele, na mtu akiogopa anarudi kwenye chupa ile ile. Daktari anajua namna ya kuipunguza. Vilevile ngozi iliyokonda hivyo hupona vibaya ikikatwa, na madaktari wanapata taabu kuishona, hata wakati wa kujifungua kwa upasuaji.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko Shirika la Viwango, TBS, na vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni haviruhusiwi. Kwenye lebo ya Kiingereza tafuta maneno mercury au calomel, yaani zebaki, na hydroquinone. Kopo lisilo na lebo yoyote, lililojazwa na kufungwa kwa nailoni, hilo usilifungue.

Tabaka la kati lina mengine mengi ambayo watu wa joto kama sisi tunapaswa kuyajua. Humo mna tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4, na jasho linapoza mwili pale tu linapokauka hewani. Siku za Machi, hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho linabaki limekushika bila kukupoza, na tundu zikiziba ndipo harara zinapotoka, kwa hiyo siku hizo usijipake mafuta mazito mwili mzima. Mna pia tezi za mafuta, nyingi zaidi usoni na kichwani. Viganjani na kwenye nyayo hazipo kabisa, na hiyo ni sababu mojawapo ya nyayo kukauka na kupasuka. Mna mishipa ya fahamu inayokuwezesha kutambua kwa vidole kama kanga ni pamba tupu au imechanganywa. Na ngozi hiyo hiyo, ikipata jua kiasi, inaanza kutengeneza vitamini D ambayo mifupa inaihitaji. Tabaka la chini kabisa ni la mafuta, linakukinga na kishindo unapoanguka na linaweka akiba ya nguvu.

Basi singo inafanya nini? Singo yetu ni ya karafuu, liwa, waridi, asumini na mlangilangi, tunasaga wenyewe na kuchanganya na marashi. Inaondoa seli zilizokufa zilizokaa juu, zile ambazo zilikuwa njiani kudondoka. Mwanga ukiangukia ngozi iliyolainika hivyo na kupakwa mafuta, unarudi vizuri, na huo ndio mng'ao ambao watu wanausifia ukumbini. Rangi yako haibadiliki. Kabla ya siku ya kwanza tunapaka kidogo ndani ya kiwiko na kungoja siku mbili, maana karafuu na mafuta ya maua huwawasha baadhi ya watu. Mwenye chunusi zilizoiva hatumsugui uso. Na tunawaomba sana, msijipake ndimu wala limau nyumbani "kusafisha" uso kabla ya kuja. Maji ya ndimu yakikaa kwenye ngozi kisha ikapigwa na jua yanaweza kutoa malengelenge, na yakipona yanaacha baka jeusi la miezi.

Mpango wetu kwa bibi harusi ni wa wiki nne. Wiki ya kwanza hatusugui chochote, tunabadilisha sabuni, tunaanza mafuta na kinga ya jua, mwamvuli ukiwemo. Wiki ya pili na ya tatu tunasinga mara moja moja. Siku saba za mwisho ni singo yenyewe, na somo wake, yule anayemfunda, anakaribishwa kukaa naye. Mwenye harusi mwishoni mwa Desemba aje mwishoni mwa Novemba, asubuhi kabla hajajipaka chochote, na aje na kila chupa na kopo analotumia, pamoja na yale aliyopewa na rafiki.