Fundi, pima valvu ya mvuke wa petroli kwanza kabla hujanibadilishia pampu

Mhariri, naomba nafasi kidogo niseme jambo ambalo limenila hela, na najua wenye magari wengi huku kwetu Mtwara na Lindi linawala kimya kimya.

Mimi nabeba abiria wa kukodi, Mtwara mpaka Masasi, kama kilomita 200 hivi kwenda. Gari yangu ni ya petroli, mtumba wa Japani. Ilianza na kitabia kimoja, tenki ikiwa nusu inawaka vizuri tu, ila nikitoka kujaza sheli stata inazunguka weee injini haishiki, na ikishika inatetemeka inanuka petroli mbichi, baada ya dakika mbili tatu inatulia kama siyo yenyewe. Siku moja pale Mnazi Mmoja nilikuwa nimembeba mama na mtoto mgonjwa wanawahi hospitali ya Ndanda, nimejaza, gari imegoma. Yule mama hakusema neno, alikuwa ananiangalia tu kwenye kioo huku anampepea mtoto na kanga. Ule uso sijausahau.

Nikaenda gereji. Wakachomeka mashine ya kupimia, haikuleta kodi yoyote ya ubovu, na kweli taa ya injini ilikuwa haijawahi kuwaka, basi wakasema pampu ya mafuta hiyo. Nikanunua pampu. Wapi. Wakasema plagi, nikanunua zote nne, wakasema injekta zisafishwe zikasafishwa, laki tatu na nusu imeondoka na ugonjwa uko pale pale. Kinachoniuma sana siyo hela, ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeniuliza gari inasumbua saa ngapi.

Aliyeuliza ni mzee mmoja Mikindani, anafanyia kazi chini ya mwembe. "Inagoma ukitoka sheli tu?" Nikamwambia ndiyo mzee. Akasema, "Basi ile pampu yako ya zamani usiitupe, ilikuwa nzima."

Akanieleza hivi. Mvuke wa petroli kwenye tenki hauachiwi hovyo hewani, unapelekwa kwenye kopo lenye mkaa, mkaa unaushika. Injini ikishapata moto kompyuta inafungua valvu ndogo ya umeme, mvuke unavutwa kwenye injini unaungua. Umeme ukikatika hiyo valvu lazima ijifunge. Yangu ilikuwa imekwama wazi, kwa hiyo nikijaza tenki, petroli inavyoingia inausukuma mvuke wote juu, unapita moja kwa moja mpaka kwenye injini, nikija kupiga stata mafuta yameshazidi hewa. Ndo maana hata ukikanyaga mafuta mpaka chini huku unapiga stata inashika, kwa sababu unaipa hewa.

Na alivyopima sasa! Injini ya baridi, imewashwa, haijakanyagwa, akachomoa mpira unaotoka kwenye kopo akaniambia weka kidole kwenye mdomo wa valvu. Kikavutwa. Akasema hapo ilitakiwa usisikie kitu. Akazima, akaifungua, akaja nayo mbali na gari maana mvuke wa petroli na cheche ni moto, akapuliza kwa mdomo, hewa ikapita wakati haina umeme. Akaigusisha waya za betri, haikulia "tik" hata kidogo. Akaigonga kwenye kiganja zikadondoka chembe nyeusi, punje za mkaa wa kopo, hizo ndo zilikuwa zimeizuia isifunge.

Kuifunga nyingine ni bolti moja, soketi ya umeme na mipira miwili, angalia tu mpira usiupindue upande na usiuvute kwa nguvu, ya zamani inakatika. Valvu ya mtumba nilipata kwa elfu thelathini na tano. Ila mzee alikataa kuifunga kabla hajalipuliza kopo na kulitikisa, alisema kopo likishamwaga mkaa valvu mpya nayo itakufa. Langu tukabadilisha pia.

Kopo linaharibika kwa nini? Kwa kujaza mpaka shingoni. Bomba la sheli likishakata lenyewe, sisi tunamwambia kijana ongeza, tunaenda mbali, petroli yenyewe, siyo mvuke wake, inaingia kwenye mkaa unaharibika. Nimefanya hivyo miaka. Siku hizi likikata nasema inatosha, hata kama haijafika namba niliyotaka. Vijana wa sheli nawaomba na nyie msitushawishi kuongeza.

Na mafundi, ndugu zangu, mtuulize gari inasumbua lini, na mtupimie kitu mbele ya macho yetu kabla hamjatutuma dukani. Nilirudi ile gereji ya kwanza kuulizia pampu yangu, nikaambiwa ilishauzwa.

Dereva, Chikongola, Mtwara